Siku sita na ndoana ya manyoya: Tabora hadi Kigoma kwa Hiace

Siku ya 1. Tabora, kufunga mizigo

Hii ni safari ya kiangazi ya kuvua kwa ndoana ya manyoya, yaani ndoana isiyo na chambo, iliyofungwa manyoya au nywele ili ifanane na samaki mdogo. Mvua za Tabora na Kigoma huanza Novemba na kukatika Aprili au mapema Mei, lakini mto Malagarasi una kalenda yake. Kabla ya kufika Uvinza, maji yake hupita kwenye mabwawa na mafunjo ya Malagarasi-Muyovozi, ardhi oevu ya kilomita za mraba 32,500 iliyoingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, orodha ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, ya kwanza kwa Tanzania. Mafunjo yale ni sponji. Juni barabara imeshakauka na vumbi limeshaanza kutimka, ila mto bado umejaa. Anayekwenda Juni hurudi mikono mitupu akiilaumu ndoana. Nenda Agosti, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba.

Mwezi una uzito kwa sababu ndoana ya manyoya haina harufu wala ladha. Mnyoo unanuka na kipande cha dagaa kinanuka, kwa hiyo kambale atavipata hata kwenye tope usiku wa giza. Manyoya lazima samaki ayaone. Mwezi, saa ya kuvua na mahali pa kusimama, vyote huchaguliwa kwa swali moja: maji yanaonyesha kiasi gani?

Karatasi kwanza. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inataka leseni, hata kwa anayevua kujifurahisha. Anza na ofisi ya uvuvi ya halmashauri unakokwenda, yaani Uvinza kwa mto na Kigoma kwa ziwa, na uulize pia kuhusu kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na aliyeshuka ufukwe wa Kibirizi, Kigoma, na fimbo Julai alikuta mitumbwi imepigwa kamba ufukweni. Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla na mapori ya akiba yana vibali vyao, na leseni ya halmashauri haifanyi kazi humo.

Gari ni Hiace ya kawaida. Viti vya nyuma vinatolewa, kunabaki benchi la dereva tu. Kitanda ni mbao za milimita 18 juu ya fremu yenye kimo cha sentimita 40, ili madumu yapite chini yake. Vizito vyote, maji, mtungi wa gesi wa kilo 6 na jeki, vikae chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Mzigo mzito ukirundikwa mlangoni nyuma, gari linainua pua na usukani unakuwa mwepesi kwenye changarawe, mahali ambapo ndipo unapouhitaji zaidi. Maji ya watu wawili kwa siku tatu za mtoni: madumu mawili ya lita 20 na akiba ya lita 10. Barafu ni chupa za maji za lita moja na nusu zilizogandishwa. Zikiyeyuka hazilowanishi kitu, na maji yake unakunywa.

Fimbo ya vipande vinne yenye urefu wa mita 2.7 ikifunguliwa, kila kipande kina kama sentimita 70. Nunua bomba la plastiki la inchi 2 kwa wauza vifaa vya mabomba, ukate sentimita 80, weka vifuniko pande zote, ulifunge kwenye dari kwa mipira ya tyubu. Fimbo nyingi huvunjwa na mlango wa gari, siyo na samaki.

Chakula cha njiani Tabora inacho: karanga, asali, na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikawa vigumu kama kuni. Vikilowekwa saa moja na kuchemshwa na karanga za kutwanga, kambi nzima inashiba. Havihitaji barafu.

Siku ya 2. Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza

Toka saa 12 asubuhi. Hadi Urambo ni kama kilomita 90 za lami, na hakuna la kusimulia zaidi ya mashamba ya tumbaku na mabati ya mabani ya kuikaushia. Jaza mafuta Urambo au Kaliua hata kama geji iko nusu.

Baada ya Kaliua misitu ya miombo inafunga pande zote mbili, na ndorobo wanaingia. Ndorobo, au mbung'o, hukimbilia kitu kinachotembea, na hupenda rangi ya buluu na nyeusi kuliko nyingine. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo, kwa hiyo jinzi ni mwaliko. Vaa kaki au kijivu hafifu, kitambaa kizito, na pandisha vioo kabla hujapunguza mwendo, maana gari likisimama ndipo wanapolifikia. Dawa za mbu za kupaka hazimtishi sana. Maeneo haya yana malale. Ukipata homa wiki moja hadi tatu baada ya safari, hasa kama palipoumwa pamevimba kidonda, mwambie daktari ulikuwa porini ili asiishie kwenye kipimo cha malaria.

Simama Nguruka upite sokoni. Samaki wa mto na wa mabwawa huuzwa pale, na meza za wauzaji ni kitabu cha bure. Angalia kama yupo samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari myeusi ubavuni, mapezi mekundu na meno yanayotokeza nje hata mdomo ukiwa umefungwa. Huyo ndiye tunayemfuata, kwa jina la kisayansi Hydrocynus vittatus. Hapa tutamwita samaki wa meno. Uliza kavuliwa wapi, kwa wavu au kwa mshipi, na jana maji yalikuwaje. Muuzaji anayeshinda na samaki hao kila siku hukujibu kwa maneno matatu, na yanakutosha.

Malagarasi unavukwa kwenye Daraja la Kikwete. Usipige kambi darajani wala chini yake. Fika Uvinza kabla ya saa 11 jioni, kisha nenda moja kwa moja kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji unakotaka kulala. Salamu, kitabu cha wageni, namba ya gari, idadi ya siku. Ukifika giza limeingia na kuwasha taa porini, mgambo watakuja, na watakuwa na haki. Omba pia kijana anayeujua mto awe mwenyeji wenu kwa malipo mnayokubaliana mbele ya mwenyekiti. Huyo ndiye anayejua mamba anaota jua wapi.

Siku ya 3. Mtoni, chini ya Uvinza

Juu ya Uvinza mto ni mpana, mzito, umezungukwa na mafunjo. Kushuka kuelekea ziwani unaanza kubana, unapata mawe na maporomoko madogo. Kwa ndoana ya manyoya, chagua mawe.

Kambi kwanza, na kambi inaanza kwa kutazama ardhi. Njia ya kiboko haifanani na ya ng'ombe. Ni mitaro miwili sambamba yenye tuta la majani katikati, kwa sababu miguu ya kushoto na ya kulia hupita mbalimbali na tumbo linapita juu ya tuta. Ukiona mitaro miwili inayotoka majini, usiegeshe juu yake wala kati yake na mto. Gari likae mita 50 au zaidi kutoka ukingoni, pua ikitazama njia ya kutokea, magurudumu yakiwa kwenye ardhi ngumu. Fyeka majani makavu mita mbili kuzunguka jiko, maana Septemba miombo inawaka kwa cheche. Jiko la mkaa haliingizwi ndani ya gari hata likionekana limezima: hewa yake haina harufu na inaua waliolala.

Jua la huku huchelewa. Saa za nchi ni moja, lakini Uvinza iko magharibi mno, na jua huchomoza zaidi ya nusu saa baada ya Dar es Salaam. Kuamka saa 10 usiku ni kujichosha bure. Anza kufunga vifaa saa 12 na nusu, mwanga ukianza kuonyesha.

Kabla ya kurusha chochote, pima maji. Funga kikombe cheupe cha bati kwenye uzi uliopigwa fundo kila sentimita 10, ukizamishe mahali penye kivuli. Kikipotea kabla ya fundo la tano, rudisha fimbo kwenye bomba, tafuta mnyoo na umvue kambale; hakuna aibu. Kikionekana hadi la nane au la kumi, endelea.

Tofauti ya uvuvi huu na ule tuliouzoea iko kwenye uzito. Kwa mshipi wa kawaida unafunga chubwi, unazungusha juu ya kichwa, chubwi inaruka na kuvuta mshipi nyuma yake. Hapa manyoya hayana uzito wa kuruka, kwa hiyo mshipi wenyewe ndio chubwi. Ni mnene kama uzi wa kiatu, na huuzwa kwa namba za uzito: mita 9 za kwanza za mshipi wa namba 8 zina gramu 13.6. Fimbo nayo iwe namba 8, au 9 kukiwa na upepo. Fimbo na mshipi visipolingana namba, utatoa jasho mchana kutwa na ndoana itaangukia miguuni.

Mpangilio ni huu: rili (gurudumu la kukunjia mshipi) yenye breki nzuri, mita 100 au zaidi za uzi wa akiba, mshipi mnene unaoelea, mita 1.8 za nailoni ya kilo 10, kisha sentimita 20 za waya mmoja usiosukwa, kisha ndoana. Waya haujadiliwi. Meno ya samaki huyu yanapishana kama mkasi, na nailoni hukatika bila hata kuhisi mvuto. Unadhani amekukosa, kumbe ameondoka na ndoana.

Kufunga waya kunataka subira. Pitisha ncha kwenye jicho la ndoana, irudishe, zungusha waya zote mbili pamoja zipandane kama herufi X mara tatu na nusu. Kisha ncha peke yake iizungushe ile nyingine mara tano, mizunguko ibanane kama springi. Ukiruka hatua ya X na kuweka springi tu, fundo litateleza samaki wa kwanza akiruka. Usikate masalio kwa koleo. Pinda ncha iwe kama mkono wa kuchezeshea jeki, uichezeshe huku na huku mpaka ivunjike yenyewe pale ilipoanzia. Iliyokatwa huacha kijiti kinachochana vidole.

Kurusha: toa mita 10 za mshipi zilale majini mbele yako. Inua fimbo taratibu hadi mshipi utoke majini, uharakishe, kisha simamisha ghafla fimbo ikiwa imepita kichwa kidogo. Subiri. Mshipi unahitaji kunyooka nyuma kabla ya kuurudisha mbele, na wengi hawausubiri. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, ndoana imeshakatika, unarusha uzi mtupu. Mahali ambapo mti uko nyuma yako, usirushe nyuma kabisa: vuta mshipi polepole juu ya maji mpaka utengeneze tumbo pembeni ya bega, kisha piga mbele kwa nguvu na ujiviringishe wenyewe.

Simama juu ya jiwe kavu, usiingie majini. Badilisha jiwe kila nusu saa, kwa sababu mamba hujifunza mahali mtu anaporudi. Tupa ndoana pale maji ya kasi yanapokutana na yaliyotulia, kwenye ule mstari wa povu. Samaki wa meno hukaa upande uliotulia akisubiri dagaa waliolewa na kasi. Vuta mshipi kwa mkono wa kushoto, mivuto mirefu ya sentimita 40, kwa haraka. Samaki mdogo anayekimbia hatembei polepole.

Akiuma, usiinue fimbo. Hili ndilo kosa la kila anayetoka kwenye mshipi wa kawaida. Mdomo wake ni mfupa mtupu, na fimbo ikiinuliwa inapinda na kumeza nguvu yote. Fimbo iendelee kuelekea kwa samaki, mkono wa kushoto uvute kwa nguvu, mara mbili. Ndipo uinue. Akiruka, inamisha fimbo kumpa ulegevu. Akitua, kaza tena. Hata ukifanya yote sawasawa, wengi watachomoka. Noa ndoana kwa tupa ndogo baada ya kila jiwe iliyogusa, na bana kile kijino cha nyuma ya ncha kwa koleo. Ndoana isiyo na kijino huingia kwenye mfupa kwa nguvu ndogo, na hutoka haraka, ama kwenye samaki, ama kwenye sikio lako.

Siku ya 4. Mtoni, mchana wa kutengeneza

Kuanzia saa 4 asubuhi jua linapiga maji kwa ukali na samaki anashuka chini. Huo ni muda wa kutengeneza ndoana, kwani manyoya hayavumilii meno zaidi ya samaki watatu au wanne.

Ndoana iwe ya saizi ya 2/0. Macho yanatokana na ule mnyororo wa vishanga vya chuma wa kuwashia taa: kata vishanga viwili, vifunge kwa uzi juu ya mgongo wa ndoana, karibu na jicho, kwa mizunguko ya msalaba na tone la gundi. Uzito ukiwa upande wa mgongo, ndoana inageuka na kuogelea ncha ikitazama juu, kwa hiyo haikamati mawe. Halafu nywele nyeupe za mkia wa mbuzi, fungu la unene wa njiti mbili za kiberiti, urefu wa sentimita 8, chini. Nyuzi sita hadi nane za kung'aa, zile za mapambo ya Krismasi. Juu yake nywele za kijani au nyeusi, fungu jembamba zaidi. Mwanzoni kila mtu huweka nywele nyingi mno. Dagaa ni mwembamba, mwanga unapita kwenye mwili wake, nayo ndoana iliyojaa inafanana na brashi ya kupakia rangi. Ishike kwenye jua. Usipoona mwanga ukipita katikati, punguza.

Kuhusu ndoana iliyoingia mwilini: kama ina kijino na haipo karibu na jicho lako, zungusha nailoni nene kwenye mpindo wa ndoana, bonyeza mgongo wake chini kuelekea ngozi kwa kidole, na mwenzako avute nailoni kwa mara moja, haraka, sambamba na ngozi. Osha kwa sabuni, kisha zahanati kwa sindano ya pepopunda. Karibu na jicho usiguse. Funga na uende hospitali.

Samaki mnaowaachia wasitoke majini zaidi ya muda unaoweza kubana pumzi, kwani maji ya joto yana hewa kidogo. Mnaowala wasafishiwe mita 50 kutoka kambini. Samaki wa meno ana miiba mingi myembamba ndani ya nyama: mchanje ubavuni kila baada ya milimita 3 hadi kisu kiguse uti, umkaange kwa mafuta ya moto sana, na miiba italainika. Wanaobaki wapigwe chumvi. Uvinza ni mji wa chumvi tangu enzi za misafara, na ya kupikwa kutoka kwenye maji yake ya chumvichumvi hupatikana mjini. Kilo 1 ya chumvi kwa kilo 3 za samaki waliopasuliwa mgongoni, siku moja kwenye ndoo yenye tundu chini, kisha juani juu ya waya, siyo juu ya bati. Bati linawapika upande mmoja na kuwaacha wabichi upande wa pili.

Siku ya 5. Uvinza hadi Kigoma

Kilomita mia na ushei kupitia Kazuramimba na Kidahwe, lami. Saa mbili zinatosha. Gonga filta ya hewa kabla ya kuondoka, utashangaa vumbi. Mchana ule migebuka ya kuchoma na ugali wa muhogo, mawese yakiwa pembeni, kisha egesha kwenye kambi ya ufukweni kusini mwa mji. Nyani wa huko wanajua kufungua mlango wa Hiace unaoteleza; funga kwa ufunguo.

Siku ya 6. Ziwani

Tuseme wazi: ziwa ni kubwa mno kwa fimbo hii. Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470, na samaki wake wengi wa biashara wanaishi mbali na ufukwe. Mgebuka huwafuata dagaa, dagaa hufuata taa, na taa ziko kwenye mitumbwi usiku wa giza la mwezi. Kama wenye mtumbwi wamekubali, mvue mgebuka nje ya duara la mwanga, kamwe siyo ndani yake ambako wavu unashuka. Badilisha mshipi uwe ule unaozama haraka, ndoana ya sentimita 5 nyeupe tupu, hesabu hadi thelathini kabla ya kuvuta. Waya unaweza kuuacha kambini.

Ukibaki ufukweni, faida yako ni maji yenyewe. Kikombe cheupe kitaonekana mpaka uzi uishe. Kwa hiyo samaki naye anakuona wewe, waya, na kivuli cha fimbo. Shuka hadi nailoni ya kilo 4, urefu wa mita 3, ndoana ndogo ya saizi ya 8, na simama nyuma ya jiwe. Vua kabla ya saa 3 asubuhi. Kiangazi upepo wa kusini-mashariki ukishaamka, mshipi mnene unageuka tanga.

Kuhe, samaki mkubwa kuliko jamaa zake wote wa ukoo wa ngege, hutaga kwenye mchanga, na baba na mama wote hulinda mayai na vifaranga. Ukiona wawili wakubwa wamesimama juu ya kiduara cha mchanga uliosafishwa, wanauma chochote kinachokaribia, kwa hiyo kuwavua ni rahisi mno. Waache. Wakitolewa hata kwa dakika tano, wadogo wanaowazunguka wanamaliza mayai.

Usisimame kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kwani konokono wa kichocho wako hapo. Maji ya kuogea yakae kwenye ndoo iliyofunikwa saa 48 bila konokono ndani, au yachemshwe. Ukiona nyoka mrefu anaogelea kati ya mawe, huenda ni swila wa majini. Hana haja nawe, ila ana sumu, mpishe.

Jioni, kabla ya kugeuza gari, toa mshipi wote kwenye rili uuweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, uupitishe kwenye kitambaa laini na uuanike kivulini. Mshipi wenye uchafu wa mto hauelei tena vizuri wala hautelezi kwenye pete za fimbo. Ndoana zikauke usiku kucha juu ya dashibodi kabla ya kufungiwa kwenye kopo. Moja yenye unyevu ikifungiwa na zilizokauka, hadi Kaliua zote zina kutu.